Ngao Alivyokufa kwa Makau Kinyozi

Mtalii mmoja alishuka treni Voi akasahau kitabu cha katuni kwenye benchi ya stesheni. Hanif, ambaye riziki yake ilitokana na vitu wanavyovisahau watu, akakikalia kabla mwenyewe hajafika getini.

Hanif hakujua Kiingereza. Siri hiyo alikuwa nayo peke yake, maana tangu ahamie kutoka Mombasa alijitangaza kuwa msomi, na Voi ikampa heshima zake. Lakini picha hazihitaji cheti. Humo aliwaona mashujaa wote wanaopendwa kwa Makau kinyozi. Kila mmoja alikuwa na kitabu chake, ila walitembeleana kama wapangaji wa ploti moja. Katika toleo hili, ambalo Voi lilikuwa bado halijafika, mzee mwenye joho alifungua dirisha hewani na kuwaonyesha kesho yao: Bibi Radi ana jicho moja, Chuma yuko jela, na Ngao, mkubwa wao, amelala ndani ya jeneza.

Matoleo mapya yalifika Voi yakiwa yamechelewa sana. Yakifika, Zipporah, mwalimu wa taipu kutoka Sagalla, huyasoma kwa Kiswahili pale kinyozini, na wanaume husikiliza vichwa vikiwa vimenyolewa nusu.

"Bibi Radi atapoteza jicho," Hanif akatabiri. Wakamcheka. Toleo lililofuata, jicho halipo. Akatabiri jela ya Chuma, ikawa. Kuanzia hapo akawa ananyolewa bure na kununuliwa chai kwa mahamri. Manabii wengi wa kweli hawakufika kiwango hicho.

Ndipo akatupa ndoana. "Ngao naye atakufa," alisema kwa sauti ya mtu anayeleta rambirambi.

Makau akaweka mkasi chini. "Wacha mchezo. Ngao akifa, hicho kitabu kitauzwa na nani?"

"Basi weka redio yako ya kaseti. Mimi naweka baisikeli yangu."

Makau aliipenda redio ile kuliko baadhi ya jamaa zake. Lakini baisikeli ilikuwa mpya, ina taa ya dainamo, na tamaa haina dawa. Wakapeana mikono mbele ya watu wote.

Toleo likafika. Duka likajaa mpaka mlangoni. Zipporah akafungua, na Ngao yule pale, jenezani, maua kifuani, mashujaa wenzake wanalia. Hanif tayari alikuwa ameshika mkono wa redio.

"Ngoja Mwalimu asome," Makau alisema.

Zipporah akasukuma miwani juu. "Daktari anasema: 'Msilie kwa nguvu. Ngao amemeza dawa ya usingizi, awanase maadui wakija matangani.'"

Duka likalipuka kwa vigelegele vya wanaume, jambo la nadra. Hanif akasimama. "Mwalimu, waongopa. Hapo hapana dawa yoyote."

Zipporah hakukasirika. Akamnyooshea kitabu. "Pengine nimekosea, Bwana Hanif. Wewe ndiye msomi. Tusomee."

Hanif akakipokea kitabu, akayatazama maneno, maneno nayo yakamtazama. Nje ilikuwepo baisikeli yake. Ndani walikuwepo watu wote wanaomwita msomi. Akisema hajui Kiingereza, nani Voi atamwamini tena, na mtu asiyeaminiwa atamtapeli nani? Roho ilimuuma kweli kweli.

Akakohoa. "Naam. Dawa ya usingizi. Mwanga wa humu ni mbaya." Akatoa ufunguo wa kufuli ya baisikeli, akauweka mezani, akaondoka kwa miguu.

Wateja walipotawanyika, Makau akauliza, "Mwalimu, hiyo dawa Ngao itamwishia lini?"

"Dawa gani? Daktari amesema amekufa kabisa, azikwe mapema."

"Sasa ulijuaje Hanif hawezi kusoma Kiingereza?"

"Msomi angeninyang'anya kitabu kabla sijamaliza kusema." Zipporah akachukua ufunguo mezani. "Wewe nimekuokolea redio. Baisikeli ni yangu."

Makau hakubisha. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, machozi yanamtoka. "Kwa hivyo Ngao amekufa."

"Amekufa, Makau. Pole sana. Ukimaliza kulia uje unishikie hii baisikeli, mimi sijui kuendesha."

Na Makau, mfiwa, akamsukuma taratibu hadi njia ya Sagalla, huku akijifuta macho kwa taulo la dukani.