Uzinduzi wa Fensi ya Nasari

"Nyinyi akina mama wa nyuma, nyamazisheni hao watoto! Hamjui mkubwa akishika maikrofoni hata chai huacha kumea?"

Hivyo ndivyo Weldon, mkubwa wa usalama wa shamba letu la chai hapa juu ya Boito, alivyotusalimia. Akaendelea:

"Mheshimiwa Naibu wa Meneja, Mheshimiwa kiti cha Meneja ambaye hakuweza kufika, wazee wa kanisa, mwakilishi wa mwakilishi wa chifu, stakeholders wote wa majani, na nyinyi wengine mliosimama, itifaki imezingatiwa!

(Makofi. Mimi sikupiga. Nilikuwa nimembeba Molly, mjukuu wangu.)

"Kama mjuavyo, wiki jana, katika tukio ambalo ofisi yangu inaliita mkutano usioratibiwa baina ya mtoto na mashine, ile mashine yetu ya kukata nyasi, ya kukaliwa kama trakta, ikiendeshwa na dereva hodari Zack, ilirudi nyuma katika uwanja huu wa shule ya nasari ikakata ncha ya gambuti ya mtoto mmoja. Narudia, gambuti, kiatu tu! Vidole havikuguswa, na hayo ni mafanikio ya idara yangu.

(Mama Amondi akapaza sauti: "Vidole vya Molly viliokolewa na gambuti ya dadake! Ilimzidi mguu!")

"Asante mama, hiyo itaingia kwa risk assessment, ripoti yetu ya hatari. Utafiti wangu unaonyesha kwamba asilimia tisini na saba ya watoto hukaa mbele ya mashine, na hao tunawapongeza. Ni hawa asilimia tatu wa nyuma wanatuangusha.

(Kila mtu anajua. Zack huwapakata watoto juu ya mashine kila Ijumaa, anawazungusha uwanja kama maharusi. Siku hizi wakisikia injini tu, wanaikimbilia. Na ukiwa juu ya kile kiti, mtoto wa nasari aliye nyuma humwoni.)

"Ndiyo maana, kwa hekima ambayo sipendi kuitaja, nilibuni Framework ya Kurudi Nyuma Salama, yenye fensi ya kisasa, geti, na king'ora kinachozungumza lugha tatu, ambayo wataalamu kutoka Silibwet hadi Siongiroi watakuja kuiga. Mashine juu!

("Juu!")

"Watoto ndani!

("Ndani ya nini?" akauliza Mzee Kipkosgei.)

"Ndani ya fensi, mzee, usiwe na haraka! Nawashukuru sana kwa kujitokeza kuzindua fensi ambayo, kibali cha kuomba kibali kikipatikana, tutaanza kufikiria ni nani ataichora. Sasa Zack, washa, rudi nyuma polepole mpaka kwa utepe, tupige picha ya kihistoria!"

(Injini ikanguruma. Watoto wakachomoka kama kuku walioona mahindi. Molly akaniponyoka mgongoni, akatangulia.)

"Zack! Zima!" nikapaza sauti.

"Lakini dani," akasema Zack, akiniita nyanya kwa Kijaluo, "mkubwa amesema..."

"Mimi si dani yako kama utamkata mjukuu wangu! Mkubwa ana macho nyuma ya hiyo tairi? Zima. Toa funguo, lete hapa. Shuka uone ni nani amesimama huko."

Zack akashuka, akamwona Molly amesimama nyuma ya tairi. Akakaa chini kwa nyasi.

"Kuanzia leo hupandishi mtoto hata mmoja, hata akilia. Na wewe Weldon, weka hiyo maikrofoni chini. Shika huyu mkono, na huyu, wapeleke wote kwa mwalimu. Mpaka ile nyingine ichorwe, fensi ni wewe. Simama hapo mlangoni, na usitoke kabla nyasi haijaisha kukatwa."