Hakika na Kitambua Gesi

Hakika alipopita nje ya kiwanda cha barafu asubuhi ile, aliwakuta wafanyakazi wamesimama barabarani, macho mekundu, wanakohoa kama wanaoshindana. Amonia, gesi ya kugandishia barafu, ilikuwa imevuja tena kwenye chumba cha kompresa, mashine inayoisukuma. Mtu mwenye huruma angewatafutia maji. Hakika aliegesha pikipiki, akanyoosha kola, akaenda kumwomba mwenye kiwanda miadi.

Jina lake la kweli hata yeye alikuwa ameanza kulisahau. Aliitwa Hakika kwa sababu ndilo neno alilotanguliza kila alipotaka kudanganya. Nyumbani alikuwa na boksi zima la vitambua gesi vya jikoni, alivyovinunua kwa bei ya kutupa dukani kwa mtu aliyefilisika. Miezi minne vilikuwa vinamtazama tu.

Kesho yake alikuwa ofisini kwa tajiri mwenye kiwanda, na kitambua gesi kimoja mezani. Alitoa kiberiti cha gesi, akakibonyeza bila kukiwasha karibu na kifaa, nacho kikapiga yowe kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Tajiri alifurahi, hasa aliposikia bei. Alikuwa mtu wa kutumia majani ya chai mara tatu.

"Kinanusa gesi gani?" aliuliza mwanamke aliyeegemea mlango, mikono imejaa grisi. Alikuwa dada mkubwa wa tajiri na fundi mkuu wa mitambo. Kiwanda kizima kilimwita Dada Kompresa.

"Hakika, dada, zote."

"Hata amonia?"

"Amonia ndiyo chakula chake."

"Na utakifunga wapi?"

"Chini, karibu na sakafu. Gesi ikivuja huanguka."

Inayoanguka ni ya kupikia. Amonia hupanda juu, na miaka miwili Dada Kompresa alikuwa akimsihi mdogo wake anunue kifaa halisi cha amonia. Hakubishana. Alimwambia mdogo wake asilipe kwanza, akampeleka mgeni uani.

"Wewe ni tapeli," alimwambia kwa upole. "Nimekupenda."

Hakika alinyoosha kola tena. Hakuzoea kusifiwa.

"Mdogo wangu ana vyumba vya kompresa arobaini mji mzima, na kila kimoja kinataka kifaa. Ila Alhamisi anakuja mkaguzi, atajaribu cha kwanza kwa gesi yenyewe. Leta kimoja cha kweli, cha amonia, chenye cheti. Akishatia saini, hivyo vingine leta hata redio. Mimi nataka theluthi yangu."

Hiyo theluthi ndiyo iliyommaliza. Mtu mwaminifu angemtia wasiwasi. Mwizi mwenzake alimwamini kama mama mzazi. Akauza pikipiki.

Kwenye duka la vifaa vya usalama, muuzaji alimhoji kama anaposa. Gesi gani? Chumba kina baridi kiasi gani? Anaogopa mlipuko, au anaogopea mapafu ya watu?

"Kuna tofauti?"

"Kubwa, kaka. Amonia inaua mtu kabla haijafikia kiwango cha kulipuka. Ukichukua cha mlipuko peke yake, watu wataanguka nacho kimenyamaza."

Hakika alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi yake.

Alhamisi alipanda ngazi mwenyewe, akakifunga juu ya kompresa, karibu na dari. Mkaguzi alikipulizia gesi ya majaribio kidogo. Taa nyekundu ikawaka, king'ora kikalia, saini ikatiwa.

"Sasa vile thelathini na tisa," Hakika alinong'ona mkaguzi alipotoka.

"Vipi? Mdogo wangu ana chumba kimoja tu, na umesimama ndani yake."

"Basi nakishusha changu."

"Kishushe. Mkaguzi bado yuko getini. Utamweleza na habari za vile vya jikoni."

Hakika alikuwa na mguu mmoja kwenye ngazi king'ora kilipolia tena, safari hii bila kupuliziwa na mtu. Alikuwa wa kwanza kufika barabarani. Wafanyakazi walitoka nyuma yake wakitembea, wakicheka mbio zake, na hakuna aliyekohoa. Dada Kompresa alitoka mwisho, barakoa usoni. Alikuwa ameshafunga valvu iliyokuwa ikivujisha gesi.

Tajiri alikuja, akamshika Hakika mkono kwa mikono miwili. "Dada ameniambia kifaa hiki umetupatia bure."

Wafanyakazi wakapanga mstari kumshukuru, mmoja baada ya mwingine. Hakika alimtazama Dada Kompresa, akamtazama mkaguzi, ambaye alikuwa amesogea kutoka getini asikie kama ni kweli.

"Bure," alisema, na neno likamtoka kama jino linalong'olewa.