Mkwe Kaja, Mdomo Umejaa

Heshima yangu imeisha leo, Alhamisi, saa nne na dakika kumi asubuhi. Nawaandikia mapema ili msije mkaisikia kwa watu wa Kilosa, maana huko imeshafika na nasikia inaongezewa chumvi. (Chumvi haihitajiki. Ilivyo inatosha.)

Mnajua mimi ni fundi friji hapa Mikumi. Mnajua pia nafuga samaki sebuleni, kwenye tangi nililounda kwa vioo vya friji la soda ambalo mwenyewe alilitelekeza. Wengi wenu hamjui kwamba samaki wenyewe ni wa Ziwa Nyasa, wale wadogo wa bluu. Rafiki yangu dereva wa lori aliniletea kutoka Kyela kwenye ndoo. Hawa hawaachi mayai chini. Jike anataga, anayaokota yote kwa mdomo, anafunga. Wiki tatu. Hali kitu, kidevu kimemvimba kama mtu mwenye jino bovu, mpaka watoto waanguliwe humohumo na wapate nguvu ya kuogelea.

Jike langu naliita Bi Kidevu. Mara mbili alitaga, na mara zote mbili akameza mayai kabla hata wiki haijaisha. Nilimsema sana. Nilisimama mbele ya kioo nikamwambia, "Mama gani wewe unakula watoto?" Kumbukeni hayo maneno, tutayarudia.

Safari hii alikuwa amefikisha siku ya kumi na tisa. Nilikuwa natembea kwa kunyata ndani ya nyumba ninayolipia kodi mwenyewe.

Sasa jambo la pili. Jumamosi nilikuwa natarajia mgeni, Baba Zuhura, mwalimu mstaafu wa Chanzuru, baba wa msichana niliyempelekea posa. Alikuwa hajatoa jibu. Alitaka kwanza aone ninapoishi na ninavyoishi. Zuhura mwenyewe yuko Kilosa mjini, anauza kwenye duka la dawa, na wiki nzima amekuwa akinipa maelekezo kwa simu.

"Idi, baba hana shida na kabila lako, wala hana shida na kazi yako. Shida yake ni salamu."

"Salamu tu?"

"Salamu tu. Yule mposaji wa kwanza aliamkia huku anatafuna bigijii. Baba akaitikia, akamaliza chai yake, akamwambia mshenga msirudi."

Nikafanya mazoezi. Niliamkia mafriji ya wateja wiki nzima. (Moja lilinguruma, nikahesabu limeitikia.)

Leo asubuhi nikaona maji ya tangi yamekuwa ya kijani. Nikasema mkwe hawezi kuja kukuta maji kama haya, atadhani ndiyo tunayokunywa. Kupunguza maji natumia mpira. Ncha moja naichomeka ndani ya tangi, nyingine naivuta kwa mdomo mpaka maji yaje, halafu naishusha kwenye ndoo. Nikachungulia kwanza. Bi Kidevu yuko kwenye kona, kidevu bado kimejaa. Nikajua watoto bado wamo.

Hapo ndipo nilipokosea. Wengi walikuwamo kweli, lakini wachache alishawatoa, na hao wachache walikuwa wamejificha nyuma ya jiwe, palepale nilipochomeka mpira.

Nikavuta. Maji yakaja. Siku zote huwa natema. Lakini maji ya leo yalikuwa yanatembea.

Nikaukunja mpira kwa mkono wa kulia ili yasimwagike, nikafunga mdomo, nikapitisha ulimi taratibu. Mmoja shavu la kushoto. Wawili chini ya ulimi. Mmoja anazunguka tu, hana makazi. Wanne. Siku kumi na tisa za njaa ya mama wa watu zilikuwa mdomoni kwangu. Nikataka kuinama juu ya tangi niwarudishe polepole.

Nikasikia, "Hodi."

Ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea darasa la watoto tisini.

"Hodi tena."

Hodi ya tatu aliipiga huku ananitazama mgongo, maana mlango ulikuwa wazi. Nikageuka. Baba Zuhura. Koti la kijivu, baragashia, na viatu ameviacha mlangoni kama mstaarabu. Amesimama kwenye mkeka wangu na soksi nyeupe. (Baadaye nilikuja kujua kwamba alipata lifti ya kwenda Ruhembe kumwona mdogo wake, akaona apitie.)

Kutema mbele ya mkwe siwezi. Hata mbele ya mtu nisiyemjua nisingeweza. Nikafikiria kuligeukia tangi niwateme humo. Nikageuka nusu, nikamwona kwenye kioo anakunja uso, kwa sababu kwa macho yake nimemwona vizuri kisha nimempa mgongo. Nikarudi. Nikainamisha kichwa. Nikatabasamu midomo imefungwa.

"Kijana, nimepiga hodi mara tatu."

Nikakubali kwa kichwa.

"Na hujaitikia."

Nikakubali tena.

"Una ugoro mdomoni?"

Nikakataa kwa kichwa. Nilikataa kwa nguvu mno, yule asiye na makazi akagonga meno.

"Basi ni bigijii," akasema, na sauti yake ikashuka kabisa.

Jamani, nampenda Zuhura. Sijawahi kuliandika hilo mahali popote, nyinyi mnanijua. Lakini pale niliposimama, mashavu yamejaa, niliona kabisa anaolewa na mtu mwingine mwenye mdomo mtupu, na machozi yakanilenga.

Mzee akanyoosha mkono. Nadhani ilikuwa nafasi ya mwisho. Nami nikampa wa kulia, ule wenye mpira (nilisahau kwamba nina wa kushoto). Mpira ukaanguka, maji ya kijani yakaanza kutambaa kwenye mkeka mpaka kwenye soksi nyeupe. Hakuangalia chini. Alikuwa anasubiri, na mwalimu akisubiri unajua anasubiri.

Nikaupokea mkono wake juu ya viganja vyangu viwili, nikainama, nikasema.

"Shikamoo baba."

Kwenye "shi" alitoka mmoja, akatua kwenye kiganja cha mkwe. Kwenye "ka" wakatoka wawili kwa pamoja, na mzee, Mungu ambariki, akakinga. Wa nne alikuwa nyuma zaidi. Tatizo ni kwamba huwezi kutamka "moo" bila kukutanisha midomo. Nilipoikutanisha, nikameza.

Maji yanaendelea. Mzee akatazama kiganja chake muda mrefu, kisha akatimiza wajibu wake.

"Marahaba."

Akainua kiganja karibu na miwani. "Na hawa ndio akina nani?"

"Watoto, baba."

"Wa nani?"

"Wa yule mama pale kwenye kona."

"Sasa wewe umekaa nao kwa nini?"

Nikamweleza. Niliongea haraka, nimepiga magoti kwenye maji, mpira nimeukunja tena. Nilipofika kwenye wiki tatu za kutokula, hakungoja nimalize. Alizamisha kiganja ndani ya tangi, mkono wa koti na saa vyote. Watoto wakaogelea. Bi Kidevu akasogea, akafungua mdomo, akawavuta ndani mmoja mmoja, akafunga.

Mzee akaketi sakafuni mbele ya kioo na soksi zake zilizolowa. Alitazama kama mtu anayesoma.

"Hajala siku ngapi huyu mama?"

"Kumi na tisa, baba."

"Na wewe ulikuwa na wangapi mdomoni?"

"Wanne."

"Mimi nimerudisha watatu."

Nikatazama mkeka.

"Yeye siku kumi na tisa," akasema. "Wewe umekaa nao dakika tano, umeshakula mmoja."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anayejaza ripoti ya mwanafunzi. Nikamkaribisha chai, akasema lifti inamsubiri. Akavaa viatu juu ya soksi mbichi akaondoka. Kwa yule wa bigijii angalau chai ilimalizwa.

Sikufungua ofisi leo. Nilikaa kwenye mkeka uliolowa, mimi na Bi Kidevu tunatazamana kupitia kioo. Nikakumbuka nilivyomsema. Nikamwomba radhi, kwa sauti, na ninyi mnaweza kufikiria mnavyotaka.

Saa nane Zuhura akapiga.

"Idi."

"Naam."

"Baba amenipigia kutoka Ruhembe. Amewapigia na shangazi zangu wote."

"Amesemaje?"

"Amesema salamu yako ameipokea. Anasema tangu aanze kuamkiwa hajaona mtu aliyehangaika hivyo kumpa mtu mzima shikamoo yake." Hapo akashindwa kuendelea. Namsikia anacheka, na mteja anaulizia dawa ya mafua bila kujibiwa. "Posa amekubali. Ila ana sharti moja."

"Lipi?"

"Mjukuu wa kwanza atalelewa kwake, Chanzuru."

Kwa hiyo naoa. Pongezi leteni, lakini naombeni leo asicheke mtu. Niko kwenye msiba, na marehemu ninaye tumboni.