Nyuzi Themanini na Tano

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Uniwie radhi, shajara. Nimekutelekeza kabatini miezi kadhaa, na sina udhuru ila kwamba nilikuwa na amani. Amani imekwisha. Mkwe amekuja!

Amekuja kwa mwaliko wa mke wangu. Sikuulizwa. Mashine ya kutotolesha vifaranga, iliyoko chumba cha nyuma, ni mali ya mke wangu, sikatai. Lakini ni nani aliyeifungia vihisi vya joto? Mimi, fundi wa simu mstaafu. Ni nani aliyeviunganisha na intaneti, akaandika programu ya kuwasha na kuzima hita? Mimi. Juma lililopita vihisi vilinyamaza siku moja. Siku moja tu! Mke wangu akampigia binti yetu, naye akamleta mumewe, ambaye huandika programu kwa mshahara.

Kanisalimu kwa kuinama, kaniita baba, kaomba ruhusa ya kuitazama kazi yangu. Adabu yake inaniudhi kuliko ufidhuli.

Mke wangu kasema vifaranga wa mayai yaliyomo wamekwisha kuagizwa na wateja, na kwamba chumba kimoja hakiwezi kuwa na mafundi wawili. Jumapili ataamua nani akabidhiwe mashine. Atakayekosa asitie mguu humo tena. Nimekwisha kustaafishwa mara moja. Mara ya pili sikubali!

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mkwe kagundua kwa nini vihisi vilinyamaza. Kuna mtu alichomoa ruta ya intaneti ili achaji simu. Mtu huyo hakutajwa. Mke wangu alimtazama mtu huyo muda mrefu sana.

Nikabadilisha mazungumzo. Nikamtaka mkwe tushindanishe programu, yake na yangu, tuone ipi ina kasi. Akajibu kwamba yai halina haraka, baba. Joto lake halipandi kwa kufumba na kufumbua. Maneno ya mwoga!

Nimezipima peke yangu. Saa mwanzoni mwa programu, saa mwishoni, toa hii kwa ile. Yake ikanishinda! Nikapima tena. Ikanishinda tena! Ndipo nikang'amua kwamba yangu ilikuwa ikiandika kila hatua kwenye skrini, na uandishi huo ndio uliokuwa ukila muda. Nikaufuta. Tukatoka sare.

Sare na mkwe! Ndani ya nyumba yangu!

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimempata adui. Programu yangu ikishakiuliza kihisi joto, husimama karibu sekunde nzima bila kufanya lolote. Mstari huo wa kusubiri niliuandika mwenyewe, kwa kufuata maelezo ya kihisi. Kusimama tu! Kazini kwetu, fundi aliyekutwa amekunja mikono alikiona cha mtema kuni. Nimeufuta. Kasi iliyopatikana ni ya ajabu. Nyuzi za joto sikuzitazama, nilikuwa napima muda.

Mezani nikatangaza ushindi. Mke wangu akauliza kama vifaranga sasa watatoka mapema. Nikamwambia swali hilo halina mantiki. Mkwe akakohoa, akauliza kwa upole kama nimekiachia kihisi nafasi ya kumaliza kupima. Nikamwambia ale.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Balaa! Asubuhi niliweka programu mpya kwenye mashine, nikaenda kwa kinyozi ili nikutwe na heba siku ya ushindi. Simu niliisahau nyumbani. Kurudi, nakuta imejaa ujumbe wa hatari kutoka kwenye mashine. Nyuzi themanini na tano! Vihisi vyote vinne! Mayai yanachemka!

Nikakimbia. Nikafungua mlango wa mashine, nikawasha feni, nikayapepea mayai kwa gazeti. Mkwe alipotokea nikamwita mhujumu mbele ya mkewe. Mke wangu akatwaa yai moja, akalibandika shavuni mwangu.

Lilikuwa baridi kama pua ya mbwa.

Mkwe akaeleza, akitazama viatu vyake. Kihisi hiki kikiwashwa huamka na namba moja mdomoni, themanini na tano; ukikisoma kabla hakijapima, hukupa hiyo. Nami nilikuwa nimeiagiza programu ikizime na kukiwasha upya kila inapokiuliza. Basi programu ikadhani mashine inaungua, ikazima hita asubuhi nzima. Mimi nikamalizia kwa gazeti.

Akaurudisha mstari wa kusubiri. Akaongeza mwingine wa kuikataa hiyo themanini na tano ikijitokeza. Mke wangu hakunigombeza hata kidogo. Hilo ndilo linalonitisha.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mke wangu kayamulika mayai kwa tochi. Mengi bado yana uhai. Yaliyokufa kayapanga kwenye trei, kaiweka trei mbele ya sahani yangu, kaniambia: haya mzee, yapime kasi. Mkwe kainamisha kichwa. Najua alikuwa anacheka!

Ufunguo wa chumba kauchukua. Nikiigusa tena mashine kabla ya Jumapili, nikalale bandani kwa kuku.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Sijaigusa mashine. Programu imo kwenye intaneti. Mlango wa nini?

Nilikusudia kusoma tu. Lakini nimekuta upuuzi usiovumilika. Kila mara, bila kuchoka, programu inauliza kama kihisi kimesema themanini na tano. Hakijasema tena tangu juzi! Swali lisilo na jibu linapoteza muda. Nimelifuta. Na kule kusubiri, kwa kumheshimu mkwe, sikukufuta, nimekupunguza nusu. Nimepima: kasi imekaribia maradufu! Kesho nitamwonyesha mke wangu tarakimu, mbele ya mkwe, aone haya.

Simu inalia kwa ujumbe mfululizo tangu nianze kuandika haya. Nimeizima, maana mtu hawezi kufikiri. Mke wangu naye sasa ananiita kutoka chumba cha nyuma, kwa jina langu kamili. Pengine hakuweza kungoja kesho. Akishaamua nitakuandikia.