Ombi la Mume Wangu Kuachwa Hai Mpaka Mwisho wa Kipindi

Ludlow, Jumatatu, 3 Novemba. Asubuhi ya manyunyu na ukungu.

Kwa Mkuu wa Tamthilia za Televisheni,

Pokea heshima zangu. Mimi ni mke wa Cedric Amphlett, mwigizaji ambaye kwa miaka thelathini mmekuwa mkimuua kila Jumapili jioni kabla watu hawajamaliza chai. Mmemnyonga akiwa kasisi, mmemzamisha akiwa kanali. Mnatafuta inspekta wa tamthilia mpya. Naomba awe yeye. Inspekta hauawi. Sababu zangu:

1. Muuza nyama wetu, Tuttle, humpokea mbele ya foleni nzima: "Karibu, marehemu! Safari hii wamekumalizia wapi?" Akisema bafuni, anaongezewa soseji moja ya rambirambi.

2. Jina lake hupita kwenye skrini mwishoni mwa kipindi, chini ya la mfunza mbwa, wakati mtangazaji wenu ameshaanza kutueleza mvua ya kesho.

3. Mama yake, mwenye miaka tisini na mmoja, hupiga simu kipindi kikiisha. "Dilys, mwanangu mzima?" Namwambia yuko jikoni anakula mkate. "Maneno hayo hata muuaji angesema. Mpe simu nimsikie mwenyewe!"

4. Mwezi wa Juni alialikwa kufungua tamasha la kanisa. Hakuna aliyesikiliza hotuba. Wote walimkodolea macho Bi. Gosling, mjane mpole, kwa kuwa alishika kisu cha keki. Maskini alikiweka chini na kuapa kwamba hakuwa na ugomvi na mume wangu. Tangu hapo hatualikwi popote. Wenyeji wanahofia mazulia yao yasije yakalowa damu.

Mkimnyima nafasi hii, nitalazimika kuvaa nguo nyeusi moja kwa moja, maana kuvaa na kuvua kila wiki kunachosha.

Wasalimu waandishi wenu wote, hata yule aliyemtupa kisimani wakati wa Pasaka.

Wako mtiifu, mjane wa kila Jumapili,
Dilys Amphlett

Nyongeza: Nilikuwa nabandika stempu wakala wa Cedric alipopiga simu. Kumbe mmeshampa uinspekta! Nilishangilia mpaka niliposikia masharti: visiwa vya Shetland, mbali kabisa kaskazini, miezi tisa kwa mwaka, miaka sita. Sikuwahi kufikiria kwamba maiti humaliza kazi mapema na kuja kula nami mchana, ilhali inspekta hubaki huko mpaka wote wakamatwe. Tafadhali muueni katika kipindi cha kwanza.