Springi ya Lori Dhidi ya Violeth

Jumatatu, 14 Julai

Shwaa. Bado naisikia. Kisu cha Violeth kikipita kwenye kitunguu jana baada ya misa, jikoni kwa jumuiya. Hakikukata, kilizama chenyewe tu. Mwenyekiti wetu, Mama Klementina, alifumba macho kama anayesikiliza kwaya. Akasema visu vya sikukuu ya somo wetu, Mtakatifu Anna, bora vitoke kwa Violeth, na mwenye visu ndiye atakayesimamia jiko.

Violeth! Alinishinda mbio za magunia darasa la tatu. Alinishinda kwaya. Chuo hakwenda, na bado ananishinda.

Nikasimama. Nikasema visu anavyouza ni stenlesi, chuma laini, vinang'aa lakini havishiki makali. Violeth akajibu kwa upole kwamba basi dada msomi alete chake, tukione. Ikapangwa: Jumamosi, mbele ya akina mama wote, kila mtu na kisu chake.

Sina kisu.

Jumanne, 15 Julai

Ninavyo vitatu! Fulgence mhunzi kanifulia kimoja kwa springi ya lori na kimoja kwa msumeno wa kukatia vyuma. Cha tatu ni stenlesi ya Violeth mwenyewe. Nilimtuma jirani akaninunulie. Siri.

Kanuni: visu vyote vikate vitu vilevile. Marufuku kunoa mpaka Jumamosi. Kipimo: kunyoa nywele za mkono.

Msumeno ulikuwa mkali ajabu, ukavunjika kwenye muhogo wa kwanza. Umeaga mashindano. Springi inanyoa safi. Stenlesi nayo inanyoa safi. Hilo halikubaliki. Jioni nikaipa stenlesi kazi ya ziada, kuchonga mianzi ya uzio. Sidhani kama hiyo ni hila.

Alhamisi, 17 Julai

Maajabu! Springi imekata vitunguu, perege na maboga, na kila asubuhi inanyoa kama mpya. Stenlesi pia! Jana niliikatisha kamba ya katani, halafu bati. Jioni ilikuwa butu kama kijiko. Asubuhi, wembe.

Nimetunga nadharia: chuma kikilala, makali hurudi. Sijui kwa nini chuoni hawakutufundisha.

Mkono wa kushoto umekwisha nywele. Nimehamia wa kulia. Mama kauliza kama nina upele. Kasema pia kwamba siku tatu za kachumbari zinatosha, na kwamba hii ya kisu cha springi ina ladha ya baiskeli. Mchana kaondoka kwenda Namawala kumsaidia shangazi Theresia kuvuna mpunga. Atarudi keshokutwa jioni. Afadhali. Nitafanya utafiti kwa utulivu.

Jumamosi, 19 Julai

Jana nilikata kutwa nzima. Leo asubuhi sikupima, mikono yote imekwisha nywele. Nadharia ilitosha.

Haikutosha.

Mama Klementina alitupangia kambale. Nikaweka springi kwenye ngozi, ikateleza. Nikakandamiza. Kambale akaruka, akatua mapajani mwa Mama Klementina, aliyekuwa na kitenge kipya cha jumuiya.

Kisu cha Violeth nacho kilichoka kwa kambale wa tatu! Nilikiona! Lakini akageuza sahani ya udongo, akakipitisha mara mbili kwenye kitako chake, na shwaa, akaendelea. Nikapiga kelele kwamba kunoa ni udanganyifu. Akasema: dada, kama hutaki kunoa ungekuja na mwiko. Akina mama walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mama Klementina akaninyooshea sahani na mimi. Nikakataa. Nina msimamo.

Nilimaliza kambale mmoja, kama nimemchana kwa meno. Violeth atasimamia jiko. Mimi nimepangiwa kupuliza moto.

Jioni nikamsimulia Mama, nikitegemea huruma. Akacheka hadi machozi. Kumbe kila alfajiri, kabla sijaamka, alikuwa akivinoa vyote kwenye kizingiti cha mlango wa uani, kwa kuwa aliniona nahangaika. Mwanangu, akauliza, kwani ulidhani vinajinoa?

Jumapili, 20 Julai

Nimetafakari wakati wote wa mahubiri. Nimeona kosa.

Nililinganisha vyuma, wakati siri iko kwenye kizingiti! Marehemu babu alikijenga kwa saruji na mchanga wa mto Lumemo, na kimefufua hata stenlesi iliyokata bati. Sikukuu ni Jumamosi ijayo. Visu vya Violeth vitakufa katikati ya pilau, akina mama watahaha, nami nitatoa kizingiti. Jiko litakuwa langu.

Nilitoka kabla ya matangazo. Nyundo nimeiazima kwa Fulgence njiani. Kona ya kizingiti imekatika vizuri, pamoja na kipande cha fremu, ambacho sikukihitaji. Kona iko kwenye begi langu. Mama bado yuko kanisani. Mlango wa uani haufungi tena, nimeuegemezea ndoo, na kuku wameshaingia jikoni.

Lakini Violeth ana sahani tu.