Daraja Lililoota Kwenye Mfenesi

Jumatatu, 6 Februari

Barua imefika kwa mzee wa kijiji! Ofisi moja ya utalii kule mjini Shillong inamleta afisa Alhamisi kukagua madaraja ya mizizi, yale yanayosukwa kwa mizizi hai ya mikuyu ya kando ya mto. Kijiji kitakachopita kitajengewa ngazi za mawe mpaka barabara kuu, na mwenye daraja atapewa msaada wa kujenga vyumba vya wageni. Nimeyasikia kwa masikio yangu, nimejibanza chini ya dirisha la mzee. Sikusubiri mwisho wa barua. Mbwa wake alikuwa ananitazama vibaya.

Jumamosi anashuka Mjomba Drosing, kaka wa mama mkwe, na shauri atakaloliamua ni mimi. Nyumba hii ni ya mama mkwe, Kong Trisilda (kwetu Kong ni heshima ya mwanamke, kama Bah kwa mwanamume). Baadaye itakuwa ya mke wangu Ibadahun, kwa kuwa ndiye binti kitindamimba. Mimi ni mume niliyehamia, na mume aliyehamia huhamishika. Mama mkwe amesema wazi kwamba miaka tisa ya kunivumilia inatosha, nirudi kwa mama yangu. Eti kwa sababu ya uyoga niliojaribu kuupanda! Ni kweli uliota kwenye godoro lake. Lakini uliota vizuri.

Nikilipata daraja, Mjomba hatakuwa na la kusema.

Baada ya chakula Iba kanipa tambuu kama kila siku: nusu popoo, jani, chokaa. Mkononi mwangu, si mezani. Bado napendwa.

Jumanne, 7 Februari

Nimeshuka mtoni. Tatizo moja tu: daraja hatuna. La mababu lilichukuliwa na mafuriko kabla sijaoa. Siku hizi tunavukia mianzi minne iliyofungwa pamoja, na inalia kama mlango wa zamani.

Nikiwa nimesimama hapo akapita mwanyumba wangu, Bah Stoding, aliyemwoa dada yake Iba. Huyu kijiji chao kina daraja la kweli, wageni wanapanga foleni kulipiga picha, na yeye anatembea kama amelisuka kwa vidole vyake. Akaniuliza kama afisa nitamwonyesha uyoga. Nikacheka.

Akaniambia pia mama mkwe ameshalitafuta lile begi nililohamia nalo siku ya harusi, analipangusa vumbi. Usingizi umeniruka.

Ila nimepata wazo! Mianzi ikivikwa mizizi, nani atajua ndani kuna nini? Mchumba naye huvikwa.

Kitu kimoja kinaharibu sura ya mahali. Pembeni ya mianzi kuna gogo kuukuu la mpopoo, limelala juu ya maji, limeoza, limeegemea mkuyu mmoja kijana. Linaning'inia tu, ng'ambo halijafika. Mtu aliacha takataka pale, na kijiji kizima kinapita kinaangalia. Ndiyo maana hatuendelei.

Jumatano, 8 Februari

Nimefanya kazi toka alfajiri! Nimekata mizizi porini, nimeifunga kwa uzi wa kuvulia samaki, nimepaka tope, nimebandika kuvumwani, ule utando wa kijani wa mawe ya mtoni, na kumwagia maji ya wali uliochacha ili ushike. Lile gogo nimelikata kwa msumeno, nikalisukuma, mto ukalichukua. Ndani lilikuwa limejaa mizizi mirefu, laini, imenyooka kama nywele zilizochanwa. Bahati iliyoje! Nikaikata yote, nikasukia ukingo wa daraja. Imependeza kuliko yote.

Ncha za mizizi nimezifunga kwenye mti uliokuwa karibu. Mti ni mti.

Jioni Iba kauliza mbona mikono yangu ni ya kijani. Nikamwambia asubiri kesho, ataniheshimu. Akanitazama kwa muda mrefu, kisha akanipa tambuu. Nimeitafuna kwa wasiwasi mpaka nikajiuma ulimi. Ikiwa kesho itaharibika, hii ni ya tatu kutoka mwisho.

Alhamisi, 9 Februari

Nimekwisha.

Afisa ni mwanamke mfupi, Kong Daphisha, ana mabuti ya mpira na shavu moja limejaa tambuu. Akashuka na mzee wa kijiji, mama mkwe, Iba, na Stoding ambaye hakuna aliyemwalika. Akalikanyaga daraja kwa mguu mmoja. Akauliza lina umri gani. Nikasema miaka mia mbili. Mama mkwe akakohoa.

Akauliza mizizi inatoka kwenye mti gani. Nikamwonyesha. Akainua uso, nasi sote tukainua. Juu yetu yalikuwa yananing'inia mafenesi matatu machanga.

Nikasema ni aina ya zamani sana.

Stoding hakuweza kujizuia. "Sasa mwanyumba, yakiiva haya, tutapasua tukute madaraja madogo?" Hata mzee wa kijiji alishika mbavu, na yeye ni mzee wa kanisa!

Hilo ningelistahimili. Lakini afisa hakucheka. Akasema madaraja ya zamani yameshasaidiwa mwaka jana. Barua yake ilisema wazi, mwishoni, kwamba safari hii wanatafuta vijiji vinavyootesha madaraja mapya. Amesikia hapa kwetu Mawsohrim kuna moja la miaka kumi na moja, mizizi inaongozwa ndani ya gogo la mpopoo, imebakiza hatua mbili kufika ng'ambo. Akaomba aonyeshwe.

Mzee wa kijiji akatazama pale gogo lilipokuwa. Mama mkwe akatazama pale gogo lilipokuwa. Mimi nikatazama mafenesi.

Iba peke yake akasogea kwenye ukingo wangu, akaishika ile mizizi laini niliyoisuka. Akaitambua kwa vidole. Gogo la kwanza lilitobolewa na marehemu baba yake, mwaka aliofariki. Kila lilipooza, Iba alitoboa jingine, akaingiza mzizi mmoja mmoja. Kila kiangazi aliniambia twende mtoni tukaangalie mizizi ya baba. Kila kiangazi mgongo ulikuwa unaniuma. Nilidhani ni mizizi ya dawa.

Hakulia. Afadhali angelia.

Tambuu ya leo: hakuna.

Ijumaa, 10 Februari

Hakuna tambuu asubuhi, mchana wala jioni. Iba anapika, anapakua, anakaa. Mama mkwe anachambua pilipili manga, na kila punje mbovu anaitupa upande wangu.

Nimeshuka mtoni kujaribu kuifunga tena mizizi kwenye mkuyu. Haifungiki. Mzizi uliokatwa ni uzi tu.

Nimepeleka salamu kwa mama yangu. Jibu limerudi haraka ajabu: chumbani mwangu anakaa mdogo wangu wa kike na mumewe, na mume huyo ana adabu. Mama mwenyewe!

Njia iliyobaki ni homa. Mgonjwa hafukuzwi. Nimeponda pilipili manga nikajipaka makwapani nipate joto. Joto sikupata. Nimepata vipele, na sasa natembea mikono imepanuka kama jogoo anayetaka kupigana. Mama mkwe kaniuliza kama najiandaa kuruka.

Naogopa. Naliandika bila aibu kwa kuwa hakuna atakayelisoma. Siogopi kukosa paa. Naogopa kula chakula halafu asiwepo mtu wa kunipa tambuu mkononi.

Jumamosi, 11 Februari

Mjomba Drosing ametafuna tambuu tatu kabla ya kufungua mdomo. Tatu! Kwa tambuu tatu mtu anatoka hapa hadi barabarani kwa miguu. Begi langu lilikuwa mlangoni, safi, linang'aa.

Mama mkwe akasema yake: uyoga, moto wa jikoni, na sasa daraja. Akasema njia ya mwongo ni fupi, na ya huyu imeishia mtini. Stoding akatikisa kichwa kukubali ingawa hakuulizwa. Mjomba akanigeukia, akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha, "Baba, wewe una lipi?"

Nikalitazama begi.

Ndipo Iba akasema. Mizizi miwili imepona, ilikuwa imejificha chini ya jiwe, msumeno haukuiona. Afisa amemwambia atarudi mwakani, na akiikuta hai ndani ya gogo jipya, kijiji kitaandikwa. Kisha akasema, "Mjomba, huyu kakata miaka kumi na moja ya baba. Akienda leo, ataiotesha nani? Na abaki. Siku akitaka kutoka, atoke kwa kuvuka daraja hilo."

Mjomba akatafuna. Akasema shauri limekwisha.

Nimelia mbele ya Stoding, sijali. Kuanzia leo kila siku niko mtoni. Mama mkwe ameniletea msumeno, akaushikilia kidogo kabla ya kuuachia.

Baada ya chakula Iba aliweka kipande mezani. Robo popoo, bila jani, bila chokaa. Mezani, si mkononi. Nimekitafuna nusu saa.

Jumapili, 12 Februari

Jana mpaka jioni nililitoboa gogo jipya la mpopoo mwenyewe. Lina urefu wa watu wawili, ndani laini, safi kabisa. Iba amelipitishia mkono, akasema hata baba yake angelikubali. Mabega yanauma na nina furaha. Nimekuwa mtu mwingine. Hila basi!

Baada ya ibada nilikuwa nafunga kamba ya kiatu karibu na mzee wa kijiji. Anamwambia mwenzake kwamba Alhamisi anakuja afisa mwingine, wa msaada wa wafuga nyuki. Anayetaka aonyeshe mzinga mmoja tu. Safari hii nimesikiliza mpaka mwisho, hata mzee alipofika mlangoni kwake bado nafunga kiatu. Kwa hiyo nimejifunza.

Stoding hana nyuki hata mmoja!

Na mimi nina gogo lenye tundu safi. Kuliziba ncha mbili na kulipaka asali kidogo ni kazi ya saa moja. Wiki moja tu, kisha linarudi mtoni. Mizizi haina haraka, na nyuki watahama wakiombwa vizuri.

Iba ameingia sasa hivi kuuliza tutaliweka gogo kesho saa ngapi. Nimemwambia gogo bichi litaiunguza mizizi, lazima likae likauke siku saba. Akafikiri kidogo. Akanipa tambuu, nusu popoo, jani na chokaa, mkononi mwangu. Ameniamini.